Kabla Hujashika Chaki: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayefundisha Sarufi ya Kiingereza

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa kidato cha kwanza, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Januari utakabidhiwa watoto ambao shule ya msingi walisoma hesabu, sayansi na jiografia kwa Kiswahili. Kuanzia wiki hiyo, karibu kila kitabu watakachofungua kitakuwa cha Kiingereza, na walimu wenzako wote watakutazama wewe. Mtoto asipoelewa Bayolojia watauliza mwalimu wa Kiingereza anafanya nini.

Nimefundisha somo hili miaka 22, na kila Januari nakutana na mtoto yule yule. Mwulize "Present Simple" ni nini, atakusomea kanuni nzima bila kukosa neno, kwa sababu aliikariri darasa la sita. Mwulize baba yake hufanya nini asubuhi, atakujibu, "My father he is go to shamba." Kanuni anayo, lugha hana. Kosa hilo si lake. Ni letu, na linaanzia ubaoni.

Nitasema kwa ukali, maana mwaka wa kidato cha kwanza ni mfupi na mtoto anayepotea humo hupotea masomo yote.

Usiingie darasani ukidhani kichwa cha mtoto ni debe tupu.

Mtoto wa miaka minne wa Tanga au Morogoro husema "vitabu vyangu viwili vimepotea" na hakosei. Hebu hesabu: maneno manne, na alama ya ngeli imejitokeza katika yote manne. Mwambie kimepotea kimoja tu, atakugeuzia yote manne papo hapo: "kitabu changu kimoja kimepotea." Hakuna aliyemfundisha kwa chaki. Huo ni upatanisho wa kisarufi mzito kuliko wowote atakaokutana nao katika Kiingereza. Kiingereza, kwa vitenzi vingi vya wakati uliopo, kimebakiza herufi moja, "s", kwa nafsi ya tatu umoja basi. Anayezimudu ngeli zote za Kiswahili hawezi kushindwa na herufi moja. Anashindwa kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba jambo ni lile lile, ila limehama kutoka kichwani mwa kitenzi likaenda mkiani.

Basi mwambie. Andika ubaoni "mtoto anasoma, watoto wanasoma," upigie mstari "a" na "wa". Chini yake andika "the child reads, the children read," upigie mstari "s". Nyamaza. Wape dakika nzima waangalie kabla hujafafanua chochote.

Kisha watahadharishe juu ya mtego uliopo hapo. "S" ikikaa kwenye nomino ni wingi, ikikaa kwenye kitenzi ni umoja. Mtoto anayeandika "the children goes" anaona kuna wengi, anaongeza alama ya wengi aliyofundishwa. Ametumia akili. Ukimwekea mkasi mwekundu bila kumweleza, umemfundisha kwamba akili haisaidii katika Kiingereza, na hilo litakaa kuliko kanuni yoyote.

Andaa orodha ya makosa kabla ya kuandaa andalio la somo.

Wiki ya kwanza wape waandike ukurasa mmoja kuhusu nyumbani kwao. Usitoe alama. Kaa na madaftari jioni, na kila kosa linalojirudia uliandike katika daftari lako. Utakachokiona si takataka. Makosa yale yana mpangilio, na mengi yana mzazi mmoja, Kiswahili fasaha. Mwalimu asiyemjua mzazi huyo atahangaika na watoto wake mpaka Novemba.

"My mother she is cooking." Katika "mama anapika" ile "a" haiondoki hata mtenda akiwa ametajwa. Mtoto ameitafsiri kwa uaminifu akapata "she". Mwonyeshe kwamba Kiingereza kikishamtaja mama hakimrudii.

"The man whom I saw him." Huyu ni "mtu niliyemwona". Kiswahili kinaidai ile "mw", ukiiacha mtoto mwenyewe atakucheka. Kiingereza kinaikataa. Kosa hili hufika hadi vyuo vikuu kwa sababu hakuna aliyelishughulikia chini.

"If I would have money, I would buy a bicycle." Msikilize kwa Kiswahili: "ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli." "Nge" ipo pande zote mbili, naye kaweka "would" pande zote mbili. Kiingereza huiweka upande mmoja tu, na upande wa "if" hukaa kitenzi cha wakati uliopita ingawa hakuna kilichopita. Hilo ni geni kweli kwa mtoto wetu. Usilipitie juu juu ukaenda mada nyingine. Lipe vipindi viwili, vitatu ikibidi.

"My sister is sick, he is in hospital." Kiswahili hakijali kama aliyelazwa ni wa kike au wa kiume, wote ni "a". Hapa maelezo hayasaidii, maana mtoto anaelewa tofauti ya "he" na "she" vizuri kabisa. Tatizo ni kasi. Ulimi haujawahi kudaiwa kuchagua. Kwa hiyo fanya zoezi la kusema: taja shangazi, mjomba, babu, bibi, wifi, mmoja mmoja na kwa haraka, na mtoto atoe sentensi moja juu ya kila mmoja. Dakika tano mwanzoni mwa kipindi, wiki sita mfululizo. Usiache wiki ya tatu kwa kuona wameshika.

Ukiuliza "Haven't you eaten?" watakujibu "Yes", maana yake "ndiyo, sijala". Mwingereza angesema "No". Waigize wawili wawili mbele ya darasa, mmoja mwenyeji na mwingine mgeni mwenye njaa, na wataona wenyewe jinsi mgeni anavyoweza kulala bila kula.

Usiseme kamwe kwamba "me" ni "Present Perfect".

Nimesikia sentensi hiyo katika madarasa mengi, na nimekaa miaka mingi nikifuta madhara yake. "Nimekula" ni "I have eaten", sawa. Lakini "nimechoka" ni "I am tired". "Amelala" ni "she is asleep". "Amevaa koti" ni "he is wearing a coat". "Amesimama mlangoni" ni "he is standing at the door". Kiambishi kimoja, na Kiingereza kinakigawa njia tatu. Mwalimu aliyeweka alama ya sawasawa kati ya "me" na "have" amempa mtoto ramani yenye barabara moja katika mji wenye barabara tatu.

Tena katika mazungumzo tunasema "amefika jana" bila taabu yoyote. Mtoto anaandika "he has arrived yesterday". Mpe sheria fupi: ukitaja jana, juzi, mwaka jana au saa iliyokwisha pita, "have" na "has" hutoka nje.

"Na" vilevile. "Anasoma" inaweza kuwa sasa hivi kitabu kimo mkononi, na inaweza kuwa ndiyo shughuli yake ya mwaka mzima. Kiingereza hutenganisha, na bahati nzuri Kiswahili nacho kina njia ya kutenganisha. Kila mtoto anapokwama kati ya "reads" na "is reading", mwulize kwa Kiswahili, "Ni 'husoma' au ni 'anasoma sasa hivi'?" Swali hilo huchukua sekunde tatu na linafanya kazi ambayo ukurasa mzima wa kanuni haufanyi. Wale wa "I am knowing" na "I am having two brothers" wametokana na "na" hiyo hiyo. Wape vitenzi vichache visivyopenda "ing", "know", "have", "want", "like", "need", wavishike kama wanavyoshika majina ya ndugu.

Fundisha "did" kwa kutumia "ku".

Hili ningetamani kila chuo cha ualimu kilifundishe. Kosa la "I did not went" hukaa kwa watu mpaka wanastaafu, na tiba yake iko mdomoni mwao wenyewe.

Andika ubaoni "alilala". Waulize wakati uliopita uko wapi. Watasema "li". Sasa waambie wakanushe: "hakulala". Waulize "li" imekwenda wapi. Kutakuwa na ukimya, kisha mmoja ataona: "li" imeondoka, "ku" imebeba wakati, na "lala" imebaki peke yake. Hakuna Mswahili anayesema "hakulilala". Wakati uliopita hautajwi mara mbili. Sasa andika kando yake "she slept" na "she did not sleep". "Did" imebeba wakati, "sleep" imebaki peke yake. Anayesema "did not slept" amesema "hakulilala". Darasa langu la mwaka wa kwanza nililofundisha hivi, neno "hakulilala" liligeuka kuwa onyo lao wao kwa wao. Mmoja akikosea, jirani ananong'ona "hakulilala", naye anajirekebisha bila mimi kufungua mdomo.

Kwenye maswali, daraja hilo limekatika. "Alilala?" kwa Kiswahili ni sauti tu, maneno hayahami. Kiingereza kinataka "did" itangulie. Waambie wazi kwamba hapa Kiswahili hakitusaidii, mjifunze kwa kusema na kurudia. Mtoto huheshimu mwalimu anayemwambia daraja linaishia wapi.

Usiziache "a" na "the" zijifundishe zenyewe.

Walimu wengi huziruka kwa kuwa ni ndogo na hazina mwenzake katika Kiswahili. Hazina neno moja la kulingana nazo, kweli. Lakini maana yake tunayo. Hadithi za bibi zote huanza hivyo: hapo zamani palikuwa na sungura; sungura huyo alikuwa na rafiki yake fisi; fisi yule alikuwa mlafi. Sungura wa kwanza mgeni kwa msikilizaji, sungura wa pili tumeshamjua. "There was a hare. The hare had a friend." Simulia hadithi tatu fupi za namna hiyo, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kiingereza, na waulize kila mara: tumeshamjua au bado?

Daraja la pili ni hili: "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu". Mtoto anajua kwamba cha pili ni kile tulichokuwa tukikitafuta. Cha kwanza ni "a book", cha pili "the book". Lakini kwa watu na wanyama usilitumie, maana tunasema "nimemwona mtu" hata kama hatumjui. Tumia vitu: kalamu, kisu, ufunguo, ndoo.

Habari ya "the" kwenye mito, na kwa nini "the Rufiji" inayo na "Lake Victoria" haina, iache mpaka kidato cha pili.

Jina la kanuni lije mwisho.

Kwanza maana, kisha sentensi nyingi, kisha matumizi, kisha jina. Kwa mpangilio huo, kila siku.

Usiulize "Do you understand?"

Darasa la watoto 80 litaitikia "Yes!" kwa sauti moja, na wewe utafuta ubao. Sauti hiyo haina habari yoyote ndani yake. Anayeelewa ameitikia, asiyeelewa ameitikia kwa nguvu zaidi ili asionekane. Badala yake sema: kila mmoja aandike sentensi moja juu ya alichofanya jana jioni, dakika mbili. Pita kati ya madawati, soma kumi. Kumi zitakuambia ukweli. Kesho soma kumi za upande mwingine.

Fanya imla ya kujenga upya angalau mara moja kwa wiki.

Ukichukua jambo moja tu katika haya yote, chukua hili. Ruth Wajnryb, mwalimu wa Australia, aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1990, na hata kama hakuiandika kwa ajili ya madarasa yetu, inatufaa kama imeshonwa kwa vipimo vyetu. Haihitaji projekta, haihitaji karatasi za manila, haihitaji vitabu. Inahitaji sauti yako na daftari.

Tunga aya fupi ya sentensi tatu au nne, yenye sarufi unayoifundisha wiki hiyo. Yangu moja ni hii: "Every Saturday my aunt sells fish at the market. Last Saturday she did not go because she was sick. My brother went there, and he sold everything before noon." Isome kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayezungumza, mara ya kwanza kalamu zikiwa chini. Isome mara ya pili, waandike maneno wanayoyadaka: Saturday, aunt, fish, sick, brother, noon. Usisome polepole neno kwa neno. Hiyo ni imla ya kawaida, na imla ya kawaida inapima masikio na tahajia tu.

Sasa wageuze madawati, wakae watano watano, waijenge upya aya ile. Hawatakiwi kuirudisha neno kwa neno. Wanatakiwa kuandika aya yenye maana ile ile na isiyo na kosa. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mmoja ataandika "my aunt sell fish", mwenzake atamzuia. Watabishana: ni shangazi mmoja, weka "s". Mwingine ataandika "did not went" na watatu watamrukia. Ubishi huo ndio sarufi yenyewe. Mtoto anayelazimika kuchagua kati ya "sell" na "sells" mbele ya wenzake ameiangalia ile herufi kuliko alivyoiangalia katika miaka yote aliyoinakili kutoka ubaoni.

Wakibishana kwa Kiswahili, waache. Wanachobishania ni Kiingereza.

Watoto 80 ni vikundi 16, na huwezi kuvisikiliza vyote. Chagua vinne, uvisikilize kikamilifu, wiki ijayo vinne vingine. Mwishoni andika ubaoni aya ya kikundi kimoja kama ilivyo, bila kutaja ni cha nani, na darasa zima liirekebishe. Aya yako ya asili ionyeshe mwisho kabisa. Tenga dakika 40 nzima. Ukijaribu kuifanya kwa dakika 15 utaiua.

Usiamini alama kumi juu ya kumi za kujaza nafasi.

Zoezi la nafasi zilizoachwa wazi, vitenzi vimo kwenye mabano, njeo imetajwa juu ya ukurasa: mtoto anapata kumi, jioni anaandika barua na makosa yale yale kumi yamo. Zoezi halikumdai achague. Litumie siku ya kwanza. Siku ya pili achanganyiwe njeo mbili bila kuambiwa ipi. Siku ya tatu atunge mwenyewe.

Usipake daftari damu.

Sahihisha aina moja ya kosa kwa kazi moja, ile uliyoifundisha wiki hiyo, na uwaambie mapema ni ipi. Mengine yapite, hata yakikuuma. Mtoto anayepata daftari lenye mistari myekundu 30 hasomi hata mmoja. Anatazama alama, anafunga.

Wanapozungumza, kuna mtego mwingine. Mtoto anasema "Yesterday I go to Kariakoo," mwalimu mwema anajibu "Oh, you went to Kariakoo!" na kuendelea, akiamini amesahihisha. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha walichokiona katika madarasa ya Kanada ambako watoto walifundishwa masomo kwa Kifaransa. Walimu walipendelea sana njia hiyo ya kurudia sentensi ikiwa imenyooshwa, na ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote katika kumfanya mtoto ajirekebishe. Mtoto husikia kwamba umekubali, basi. Badala yake simama kwenye kosa: "Yesterday I…?" na usubiri. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo. Darasa likianza kumsaidia, linyamazishe. Sekunde zile tano ni zake.

Usimchape kwa kosa la lugha, na usimvishe kitu shingoni.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika "Decolonising the Mind" ya mwaka 1986, alieleza jinsi watoto wa Kenya ya ukoloni waliokutwa wakizungumza Kigĩkũyũ shuleni walivyochapwa au kuvishwa bamba la chuma lenye maneno ya kuwadhalilisha. Ukoloni umekwisha. Lakini kibao cha namna hiyo nimekiona kwa macho yangu katika shule ya sekondari ambayo sitaitaja, kimetundikwa shingoni mwa msichana wa kidato cha kwanza aliyeomba ruhusa ya kwenda msalani kwa Kiswahili. Msichana yule hakuzungumza tena darasani muhula mzima, si Kiswahili wala Kiingereza. Aliyenyamaza hakosei, na asiyekosea mbele yako huwezi kumfundisha lolote.

Wala usiende upande wa pili ukafundisha Kiingereza kipindi kizima kwa Kiswahili. Kiswahili kitumike kama nilivyoonyesha: kueleza kanuni kwa dakika mbili tatu, kulinganisha, kuhakikisha maana. Muda unaobaki wote watoto waseme na waandike Kiingereza. Mwalimu anayetafsiri kila sentensi anawafundisha kusubiri tafsiri.

Chukua sentensi zako kwenye Bayolojia na Jiografia.

Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kujifunzia masomo mengine. Tangu wakati huo mitaala imebadilishwa zaidi ya mara moja, na ofisi ya walimu bado inalalamika vile vile. Kwa hiyo usiifungie sarufi ndani ya kitabu cha Kiingereza. Azima kitabu cha Bayolojia, fungua ukurasa wanaosoma wiki hiyo. Utakuta "is called", "is found in", "are carried by the blood". Yote ni kauli ya kutendwa. Mtoto anaijua tangu utotoni: huitwa, hukutwa, hubebwa. Kiswahili huongeza "w" karibu na mwisho wa kitenzi, Kiingereza hutanguliza "is" au "are". Somo moja la hivyo litafungua kurasa 20 za masomo mengine.

Sentensi za theluji na za paka aliyekaa juu ya zulia ziache zilipo. Mtoto wako anayo bodaboda, anao mnada, anayo mvua ya masika iliyoangusha choo cha jirani.

Usitarajie "s" ikae kwa muhula mmoja.

Mwaka 1974 Heidi Dulay na Marina Burt walilinganisha watoto wa Kihispania na wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza nchini Marekani. Lugha za nyumbani zilikuwa mbali kabisa, lakini katika makundi yote mawili "ing" ilikuja mapema na ile "s" ya "he goes" ilikuwa miongoni mwa za mwisho. Wa kwako hatakuwa tofauti. Kuielewa ataielewa siku utakayomwonyesha. Kuitumia bila kufikiri kutachukua miaka. Irudie kila wiki kwa dakika chache, usiifundishe mara moja kwa mbwembwe kisha ukawalaumu.

Usifundishe usichokijua.

Na sisi tulifundishwa na walimu waliofundishwa hivi hivi. Tunasema "discuss about". Tunaandika "informations" na "equipments" kwenye matangazo ya shule. Kila Jumapili pitia sentensi zote utakazoandika ubaoni wiki hiyo, na yoyote unayoitilia shaka itafute kwenye kamusi kubwa yenye mifano. Mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie, "Sijui, nitakujibu kesho." Na kesho umjibu. Ukisahau mara mbili hatauliza tena.

Weka tarehe kwenye daftari lako la makosa.

Ile orodha ya wiki ya kwanza usiitupe. Kila kosa liwe na tarehe ulipoliona, tarehe ulipolifundisha, na tarehe ulipoliona tena. Wiki ya mwisho ya Juni keti na insha zao na daftari hilo, pembeni pasiwe na simu. Kosa ambalo halijaonekana tangu Machi lipigie mstari. Lililobaki liandike ukurasa mpya, na ndilo somo lako la kwanza watakaporudi kutoka likizo.